"Nani, baba?": uchambuzi wa mahojiano moja na mtoto wa miaka sita

Ukurasa wa nne wa yale mahojiano unasema hivi, na nimeuacha venye uliandikwa:

Mtoto: Alinichoma hapa. Na kijiko.
Afande: Nani, baba?
Mtoto: (anatingisha kichwa)
Afande: Baba alikuchoma na kijiko, si ndio?
Mtoto: Eeh.
Afande: Alikuwa amekasirika?
Mtoto: Eeh.
Afande: Alikuwa amekunywa?
Mtoto: Eeh.

Hapo ndio mwanaume mmoja wa mjengo akalala seli, na hapo ndio kesi ikapotea njia, na mwenye aliuliza hayo maswali si mtu mbaya wala si mvivu, ni mmoja wa wanafunzi wazuri sana nimewahi kuwa naye. Kazi yangu ni kufundisha watu kuongea na watoto kesi zikitokea, yaani polisi wa dawati la jinsia, maafisa wa watoto, manesi, wakati mwingine walimu, na huwa tunafanya hiyo kazi hapa Nairobi. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili watu wasijulikane. Mtoto nitamwita Junia, juu Nairobi kila ploti iko na Junia wake, na afisa nitamwita Afande tu. Ni mama wa watoto wawili na aliniruhusu niandike hii, tena aliniambia nisimfiche sana, watu wasome makosa yake ili wasiyarudie.

Sasa ilianzaje. Junia yuko gredi ya kwanza, shule iko huku Eastlands. Jumatatu moja mwalimu anaona nyuma ya mkono wa kushoto kuna alama mbichi, ndefu kiasi ya nusu kidole, imeviringika upande mmoja. Anamuuliza, Junia anasema "nilichomeka." Mwalimu haamini, na kwa kweli hata mimi nisingeamini, akapiga 116, ile laini ya bure ya watoto, na akaenda steshoni mwenyewe. Kwa OB, kile kitabu cha matukio cha steshoni, ikaandikwa kwamba mtoto "amechomwa na baba wa kambo." Hebu rudi nyuma uangalie. Mtoto alisema nilichomeka, yaani moto ulimpata, hajataja mtu. Kwa OB imekuwa amechomwa, sasa kuna mtu amefanya, na huyo mtu tayari amepewa jina, na mtoto mwenyewe bado hajaulizwa na yeyote. Jina lilitoka kwa mwalimu, manake huyo baba wa kambo aliwahi kuja shuleni akapiga kelele juu ya pesa ya masomo ya ziada, na mwalimu hakusahau.

Jioni hiyo mwanaume akashikwa akitoka kazini. Ukishika mtu Kenya katiba ya 2010 inakupa masaa 24 umfikishe kortini, hiyo ni kifungu cha 49, na ni sheria nzuri, lakini kwa Afande ilikuwa ni saa inagonga kichwani. Mshukiwa yuko ndani, OCS, mkubwa wa steshoni, anauliza statimenti iko wapi, P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, inangoja daktari ajaze, mama analia kwa benchi akisema si yeye, na mtoto anapelekwa kwa chumba na mtu mwenye ameshaambiwa jibu.

Nataka niseme kwanza venye Afande alifanya vizuri, juu mtu akisoma hiyo ukurasa wa nne peke yake atamhukumu bure. Alitoa yunifomu akavaa sweta. Akatoa simu kwa meza. Akaketi kwa kiti kile kidogo ili asimwangalie Junia kutoka juu. Akamwambia, hapa mimi sijui kile kilifanyika juu sikuwa hapo, ukisikia nimekosea unikosoe, na hakuishia hapo, alifanya ile mazoezi tulimfundisha:

Afande: Sasa nikisema Junia ni wa miaka thelathini, utaniambia aje?
Mtoto: (anacheka) Mimi ni sita!
Afande: Sawa kabisa. Hivyo ndivyo nataka unikosoe.

Hiyo kitu inaonekana ndogo lakini kwetu ni kazi kubwa. Mtoto wetu amelelewa asijibizane na mkubwa, mwalimu akikosea kwa ubao ananyamaza, kwa hivyo ukimwambia tu "nikosoe" amekusikia lakini hawezi, mpaka umpe nafasi ya kukosoa kitu cha kuchekesha kwanza na aone haugombi. Alafu akamuuliza kuhusu mpira, "niambie venye mnacheza, kutoka mwanzo," na Junia akaongea karibu dakika tatu bila kusimama, timu, jezi, nani alianguka kwa mtaro. Nikisikiza hiyo sehemu mpaka leo nafurahi. Mtoto wa miaka sita ako na maneno yote ya kusimulia tukio, ameonyesha hapo.

Kisha wakaingia kwa mkono. Na kila kitu tulichofundisha kikatoka kwa dirisha.

Hebu tukae kwa hiyo mistari miwili. "Alinichoma hapa. Na kijiko." Mtoto ametoa kitu kikubwa, ametaja tendo, mahali na kifaa, bila kuulizwa. Kitu hajatoa ni nani. Na angalia Kiswahili chetu: hiyo "a" ya alinichoma haisemi mwanaume wala mwanamke, haisemi mkubwa wala mtoto, ni mtu tu. Mtoto wa Kiingereza angesema "he" ama "she" na nusu ya watu ingekuwa imetoka kwa orodha. Mtoto wa Kiebrania pia, kitendo chenyewe kinabadilika kulingana na mwanaume au mwanamke. Nataja hizo lugha mbili kwa sababu ile protokali tunafundishia, yaani utaratibu wa kuhoji mtoto, inaitwa NICHD kwa jina la taasisi moja ya utafiti ya serikali ya Marekani, Michael Lamb na wenzake waliijenga na kuipima sana kwa Kiingereza na Kiebrania, Marekani na Israel, na ilipofika kwetu ilifika na slaidi za Kiingereza. Hakuna slaidi hata moja ilimwonya Afande kwamba kwa lugha yake "a" ni mlango wazi na kwamba akili ya mwenye anasikiza itaweka mtu hapo haraka, na itaweka yule mwenye yuko seli. Hakujiona akiweka. Nilipomuuliza baadaye aliapa kwamba mtoto ndiye alitaja baba kwanza, na alikuwa anaamini hivyo kabisa, hadi tukafungua rekodi.

Alafu lile neno lenyewe, baba. Junia hajawahi kumwita huyo mwanaume baba. Anamwita anko. Baba yake mzazi yuko nyumbani Busia na hajamwona tangu akiwa mdogo. Kwa hivyo mtoto aliulizwa kama amechomwa na baba, na baba kwake ni mtu hayuko Nairobi, na akatingisha kichwa. Hapo tena Kiswahili chetu cha kila siku kimetupiga chenga, juu kutingisha kichwa watu wengine wanaandika wakimaanisha amekubali na wengine wakimaanisha amekataa. Rekodi ilikuwa ya sauti pekee. Afande anafikiri aliitikia. Anafikiri. Hadi leo mimi na yeye hatujui kama huyo mtoto alisema la kwa kichwa na swali lililofuata, na ile "si ndio," likambeba. Siku hizi mtu akipita kwangu bila kusema kwa sauti "naona umefanya hivi na kichwa, unamaanisha nini," namrudisha aanze upya.

Na zile "eeh" tatu zinafuatana hazina uzito wowote. Mtoto amegundua mchezo, mkubwa anauliza, mimi nasema eeh, mkubwa anafurahi, tunaendelea. Kama Afande angeuliza kama alikuwa amevaa kofia ya kijani nina hakika angepata eeh nyingine. Halafu ikachukuliwa yote ikaandikwa statimenti kwa Kiingereza, aya moja safi, kwamba babangu wa kambo alirudi akiwa mlevi na mwenye hasira, akapasha kijiko moto na kunichoma nacho. Ukisoma hiyo aya unamwona mtoto amekaa anasimulia. Hakuna mahali mtoto amesimulia hivyo. Maneno ya Junia ndani ya hiyo aya ni mawili, kuchoma na kijiko, mengine yote ni ya Afande na mwalimu, yamevalishwa mdomo wa mtoto.

Dunia ilijifunza hii kitu kwa uchungu mwingi. Mwaka 1983 kule Manhattan Beach, California, kulianza kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, watoto mamia walihojiwa, na wahojaji walikuwa wanawasukuma, wanawaambia wenzako wameshasema, wanasifu yule anayekubali na kumkatisha tamaa anayekataa. Kesi ikaenda mpaka 1990 na hakuna hata mtu mmoja alipatikana na hatia. Baadaye watafiti wakachukua zile mbinu wakazijaribu kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita ambao walikuwa wametembelewa darasani na mgeni ambaye hakuwafanyia ubaya wowote, na walipotumia ule mchanganyiko wa sifa na shinikizo, majibu ya watoto ya kumsingizia mgeni yalifika asilimia 58, na wale walioulizwa tu maswali ya kuelekeza bila hizo mbinu zingine ilikuwa asilimia 17. Hiyo ilichapishwa 1998. Watu husikia hizo namba wakasema basi watoto ni waongo, na hapo nakasirika kabisa. Junia hakudanganya. Sentensi pekee aliyotoa mwenyewe, kwamba mtu alimchoma na kijiko, ilikuwa kweli tupu. Shida ilikuwa kwa mkubwa.

Na madhara si ya mshukiwa pekee, hii ndio watu husahau. Mwenye alimchoma alikuwa bado yuko huko nje, na alikuwa na watoto wengine mikononi.

Tulijuaje? Miezi miwili baada ya mafunzo Afande aliniletea rekodi, tulikuwa tumepatana kila mmoja alete mahojiano moja tuyapitie, majina yametolewa na wakubwa wake wameruhusu. Aliileta akiwa na furaha, alikuwa anajivunia. Nikampa kalamu tatu, kijani, manjano na nyekundu, nikamwambia paka rangi maswali yako mwenyewe, mimi sitasema kitu. Kijani ni swali la kufungua, niambie venye ilikuwa, halafu nini kikafanyika. Manjano ni la nani, wapi, lini. Nyekundu ni lile umeweka kitu ambacho mtoto hajasema, ama umempa la kuchagua, ama umemaliza na si ndio. Alichukua karibu saa nzima. Kulikuwa na maswali 74. Kijani zilikuwa sita, zote sita kwa mpira. Baada ya mpira, kuanzia pale mkono ulipotajwa, hakuna kijani hata moja mpaka mwisho. Akafunga ile kalamu nyekundu, akaiweka chini polepole, akakaa.

Lakini si mimi nilipata kile kitu kikubwa, ni yeye. Mimi nilikuwa nimeisoma mara mbili na ikanipita. Ukurasa wa sita, katikati ya maswali kuhusu pombe, Junia anasema peke yake, hakuna mtu amemuuliza: "Watoto wote wakanyamaza." Na Afande kwa rekodi anajibu, "Na mama alikuwa wapi?" Sasa ameshika kalamu anaisoma tena na tena, kisha ananiuliza, watoto gani? Kwa hiyo nyumba wako wawili tu, Junia na dadake wa mwaka moja na nusu. Watoto wote ni kina nani?

Huyo mtoto alikuwa ametupa mlango mzima na tukapita.

Afande mwenyewe ndiye aliyepeleka hiyo habari kwa afisa wa watoto na kwa mwendesha mashtaka, na najua maafisa wengi wangekunja hiyo karatasi wakaiweka kwa droo. Wakati huo mwanaume alikuwa ameshatoka kwa bondi, kazi ya mjengo imeenda, mama wa Junia amerudi kwa dadake na watoto. Ikaamuliwa mtoto ahojiwe tena mara moja, na mtu mwingine, na arekodiwe kwa video. Kuhoji mtoto mara ya pili kuna hatari yake, anaweza kufikiri jibu la kwanza halikupendeza akalibadilisha ili akufurahishe, kwa hivyo huyo dada mwenye alimhoji hakugusa kabisa yale ya kwanza, hakusema wewe ulisema baba. Alimwambia, nasikia uliongea na mtu kuhusu mkono wako, mimi sikuwa hapo, nataka kuelewa, niambie venye ilikuwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza. Kimya kilikaa kwa rekodi sekunde kumi na moja, nilihesabu. Halafu:

"Si tulikuwa tunakunywa uji. Mimi nilikuwa nashikia beibi kikombe juu hajui kushika. Alafu ikamwagika kwa godoro. Alafu akauliza nani amemwaga. Alafu nikasema ni mimi juu beibi atachapwa. Alafu akaweka kijiko kwa jiko, ile ndefu. Alafu watoto wote wakanyamaza."

Huyo dada kila mara anasema tu "alafu?" ama "enda mbele, nakusikia." Na alipofika pale pa kuuliza nani, angalia venye alifanya. Alisema: "Umesema kuna mwenye aliweka kijiko kwa jiko. Niambie zaidi kuhusu huyo." Huyo. Ile "a" iliyotuangusha kwa mara ya kwanza ndiyo imetuokoa hapa, manake Kiswahili kinakuruhusu umwite mtu huyo bila kumvalisha suruali wala rinda, bila kumfanya baba wala mama. Kwa Kiingereza ungetafuta njia ya kuzunguka. Kwetu iko tayari, neno moja, na hakuna mtu alikuwa ametufundisha kuitumia, ilibidi tuione ikifanya kazi.

"Ni anti," Junia akasema. Anti wa bebi kea.

Kama haujui hizi bebi kea za mtaani, ni chumba kimoja cha mabati ama cha ploti, mama anaacha mtoto asubuhi akienda kutafuta kazi ya kufua, analipa kidogo kwa siku, jioni anachukua. Mama wa Junia anafua huko Buruburu. Junia akitoka shule anaenda huko kungoja na dadake. Mwenye chumba ni mama mtu mzima lakini saa hizo za alasiri huwa ametoka, anaacha msichana. Huyo ndio anti. Watoto siku hiyo walikuwa tisa.

Nieleze kidogo mambo ya sheria hapa juu inaonyesha kwa nini simulizi refu ni muhimu kuliko jibu fupi. Kifungu cha 124 cha sheria yetu ya ushahidi kinasema ushahidi wa mtoto mdogo aliyedhuriwa peke yake hautoshi kumfunga mtu, lazima uungwe mkono na kitu kingine, isipokuwa kwa kesi za dhuluma ya kingono, ambapo korti inaweza kumwamini mtoto peke yake ikiandika sababu zake. Kuchomwa mkono hakuko kwa hiyo nafasi. Sasa zile "eeh" zitaungwa mkono na nini? Hakuna kitu cha kwenda kuangalia. Lakini lile simulizi la Junia limejaa vitu vya kuangalia. Uji kwa godoro, watu walienda, doa lilikuwa bado linaonekana. Kijiko kirefu, kilikuwepo, cha chuma, na daktari akakiweka karibu na kipimo alichokuwa ameandika kwa P3. Mama watatu walisema watoto wao walirudi siku hiyo wakiwa kimya ajabu, na mmoja alikuwa amemuuliza wake akaambiwa "Junia alichomeka." Kesi ya baba wa kambo ikaondolewa chini ya 87(a), kile kifungu cha kuondoa mashtaka kortini. Alikuja ofisini akaulizwa kama ana la kusema, akasema anataka tu barua aonyeshe fomeni.

Narudi kwa mafunzo kwa sababu hapo ndipo roho yangu iko. Afande alikuwa amekaa nasi siku tano. Alipita mtihani vizuri, angeweza kukueleza tofauti ya swali la kufungua na la kuelekeza akiwa amelala. Alikuwa anajua. Kujua hakukumsaidia saa ile seli imejaa na OCS anagonga mlango, juu saa hiyo mtu hatumii kile anajua, anatumia kile amezoea, na miaka kumi na mbili amezoea kuhoji washukiwa, "ulikuwa huko, si ndio?" Hii si siri. Mwaka 2002 Lamb na wenzake walichapisha kwamba hata wahojaji waliofunzwa vizuri na protokali, wakikoma kupata mrejesho wa mara kwa mara juu ya mahojiano yao wenyewe, ubora unashuka haraka, ndani ya miezi michache. Na sisi huku tunaendelea kupeleka watu hoteli Naivasha siku tano, picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Nimeshiriki kwa hizo semina na nimesaini hivyo vyeti. Nafikiri cheti cha siku tano bila kufuatilia kinaweza hata kuwa hatari, manake kinampa mtu ujasiri na wakili wa upande ule mwingine anakiona kama karatasi tu.

Tulibadilisha mambo kadhaa baada ya Junia. Kubwa ni lugha. Tuliacha kutafsiri sentensi za slaidi tukiwa mezani, tukaenda kuzijaribu na watoto wetu wenyewe kuhusu vitu vya kawaida, Jumapili ilikuwaje, sherehe ya shule ilikuwaje. "Niambie kila kitu kilichotokea," ambayo ndiyo tafsiri safi, mtoto wa mwenzangu mmoja alijibu, "hakuna kitu kilitokea." Tukarudia na wengine, kitu hicho hicho. Kwa sikio lao kitu kikitokea ni ajali, ni mtu ameumia. Lakini "niambie venye siku ilienda, kutoka uamke," walitiririka. Sentensi moja inafungua na ingine inafunga na kwa karatasi ya Kiingereza ni sentensi moja.

Saa nayo. Mtoto wa gredi ya kwanza anafundishwa saa ya Kiingereza darasani na nyumbani wanasema saa za Kiswahili, akikuambia saa nne hujui kama ni asubuhi saa ya chai ama ni ile ya kutoka shule, kwa hivyo tunawaambia watu waachane na saa, wamwache mtoto asimulie kile kilitangulia na kile kilifuata.

Na kila wiki mbili kila mmoja anapata simu ya dakika ishirini. Anafanya mazoezi na mmoja wetu akiigiza mtoto, mtoto mgumu, mwenye anajibu "sijui" ama ananyamaza, na papo hapo anaambiwa hapo umeweka neno, rudia. Afande wiki za kwanza alikuwa anaumia. Si ndio ilikuwa inamtoka kama pumzi. Aliniambia alianza kuisikia hata nyumbani, akimuuliza kijana wake, umemaliza homwaki si ndio, na anajikata katikati anaanza upya, na kijana anamwangalia tu.

Yule msichana wa bebi kea alikuwa na miaka 16. Kisheria huyo ni mtoto pia, na watu wengi hapo steshoni hawakutaka kusikia hivyo, walikuwa wameshaona mkono wa Junia. Ilibidi ahojiwe, na mtu mzima wa kukaa naye, na afisa wa watoto akauliza nani atamhoji. Afande akasema mimi.

Nimeisoma hiyo rekodi mara nyingi kuliko zote. Haianzi na kijiko. Ameketi, ametoa yunifomu, kanuni zote zimesemwa, na swali la kwanza ni, "Niambie venye ulikuja kukaa hapo, kutoka siku ya kwanza." Halafu kimya. Aliniambia alikuwa anahesabu na vidole chini ya meza, amefika saba, kila kitu ndani yake kinataka kusema "ni mama mwenye nyumba alikuleta, si ndio," na aliuma ulimi akafika nane, tisa. Kwa karatasi imeandikwa tu: kimya, sekunde kumi na nne. Na msichana anaanza kutoka asubuhi aliyoshuka Machakos Kantri Basi, ile stendi ya hapa Nairobi, na mfuko wa nailoni, mtu wa kumpokea hayuko, na anaongea, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, analia anaendelea, anafika kwa mama mwenye chumba, anafika kwa mgongo wake mwenyewe na kile umefanyiwa, anafika kwa watoto tisa na uji. Maneno ya Afande kwa hizo kurasa zote tatu unaweza kuyafunika na kiganja kimoja. Alafu. Enda mbele. Nakusikia. Umesema mgongo, niambie kuhusu hapo.